Salale hawakubali goli la kichwa... cha habari

KUNA magoli ya kichwa ya aina mbili. Lipo la mshambuliaji anayeruka juu ya mabeki wawili na kuupeleka mpira kona ya mbali. Na lipo la kichwa cha habari: “Wanasayansi wagundua...”, “Kompyuta yatabiri bingwa...”, “Teknolojia mpya kumaliza utata wa waamuzi...”. La kwanza mashabiki wa Salale wanalikubali hata likifungwa na timu pinzani, japo kimoyomoyo. La pili lazima lipelekwe kwenye marudio kwanza.

Salale ni kata ya wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, ndani ya delta ya Mto Rufiji. Ni nchi ya mikoko, mitumbwi, kamba na maji yanayopanda na kushuka kwa saa zake. Upande wa Nyamisati ndiko kinakopakia kivuko kinachokwenda Kilindoni, Mafia. Na kwa taarifa ya wale wanaodhani utani wa jadi uliishia Kariakoo, moja ya midomo ambayo Rufiji inamwagia maji yake baharini inaitwa Simba Uranga. Shabiki wa Yanga wa huku hana pa kukimbilia, ila anajitetea: “Umeona hata Simba wa kwetu? Mdomo umejaa maji ya chumvi.”

Kama ilivyo kwingine nchini, mpira huku unaangaliwa kibanda umiza. Dishi juu, runinga mbele, mabenchi, umeme wa sola au jenereta inayokohoa. Mechi ikienda mapumziko, simu zinatoka mifukoni na habari za dunia zinaanza kusomwa kwa sauti. Hapo ndipo sayansi inapokutana na mabeki wasio na huruma. Habari ya teknolojia ikisomwa, maswali matatu huwa hayakosekani, hata kama yatakuja kwa mzaha: Nani kaona? Kaonea wapi? Na akikosea, nani analipa?

Ni utani, lakini ukiuchukua utani huo na kuupima kwa mambo yaliyotokea kweli kwenye soka, utagundua wale jamaa wa benchi la nyuma siyo wajinga hata kidogo. Utagundua pia mahali ambapo utani wenyewe unaanza kuwa na gharama.

MPIRA UNACHAJIWA?

Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar lilikuja na picha iliyozunguka dunia nzima: mipira imepangwa, imechomekwa waya, inachajiwa kama simu. Mpira ule, Al Rihla, ulikuwa na kifaa kidogo katikati kinachopima mwendo wake na kutuma taarifa mara 500 kwa sekunde.

Kwa mtu ambaye simu yake huenda kuchajiwa kwa mwenye sola na analipia, swali la kwanza halikuwa la sayansi. Lilikuwa la kawaida kabisa: “Chaji ikikata dakika ya 89, tunamalizia na danadana?” Mwingine ataongeza: “Na mwenye chaja akiwa Mwarabu, tukidai penalti si anachomoa waya?”

Jibu la chaji ni rahisi: betri ile ilitosha kwa saa sita hivi za mchezo, na mechi hata ikienda hadi matuta haifiki huko. Lakini kwa nini mpira uchajiwe wakati kamera zipo kibao? Hapo ndipo hesabu inapopendeza.

Chukua mshambuliaji anayekimbia mita nane kwa sekunde, mwendo wa kawaida kwa winga mwenye haraka. Kamera inayopiga picha 50 kwa sekunde itampiga picha moja, kisha nyingine. Kati ya picha hizo mbili jamaa amesogea sentimita 16. Sasa, pasi imetoka mguuni mwa kiungo saa ngapi hasa? Kwenye picha ya kwanza, au ya pili, au katikati yake ambapo hakuna picha? Sentimita 16 ni urefu wa kiganja. Watu wamenyimwa magoli kwa kidogo kuliko hapo. Kifaa cha ndani ya mpira kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde kinapunguza shaka ile hadi kama sentimita moja na nusu tu. Kamera 12 chini ya paa la uwanja zilifuatilia alama 29 za mwili wa kila mchezaji, na mpira wenyewe ukasema umepigwa lini.

Kwa hiyo swali la “kaonea wapi?” lilikuwa na maana. Miaka yote watu walikuwa wakichora mistari ya kuotea kwenye runinga kana kwamba muda wa pasi unajulikana, kumbe haujulikani vizuri.

Kifaa hicho ndicho kilichomkana Cristiano Ronaldo. Tarehe 28 Novemba 2022, Ureno dhidi ya Uruguay, krosi ya Bruno Fernandes ikapita juu ya wote ikatinga wavuni. Ronaldo alishangilia kama mfungaji, akidai mpira umegusa nywele. Goli likaandikwa la Bruno, na watengenezaji wa mpira wakasema kifaa hakikuona mguso wowote. Vibandani mjadala ulimalizwa kwa sentensi moja: “Mwanamke anaweza kukukana, ndugu anaweza kukukana, lakini mpira?”

UPARA WA INVERNESS

Habari inayopendwa kuliko zote na wabishi ni ya Oktoba 2020, kule Scotland. Mashabiki walikuwa hawaruhusiwi viwanjani kwa ajili ya corona, na klabu ya Inverness Caledonian Thistle ikawa inarusha mechi zake kwa kamera inayojiongoza yenyewe, iliyofundishwa kuufuata mpira bila mpiga picha. Tangazo zuri, akili bandia, mambo ya kisasa.

Mechi dhidi ya Ayr United ikaanza. Kamera ikatafuta mpira, ikaupata. Tatizo, kilichopatikana hakikuwa mpira. Kilikuwa kichwa cha mwamuzi msaidizi, mwenye upara uliokuwa unang'aa juani. Kila timu ikishambulia, kamera inarudi kwa mwenye kibendera. Mtangazaji ikabidi aombe radhi.

Ukiisoma habari hii kwenye benchi lolote la pwani, kila mtu mwenye upara atageukiwa. “Mzee, wewe usikae karibu na uwanja, utafungwa.” Lakini kuna somo ndani yake. Mashine ile haikuwa na nia mbaya, wala haikuhongwa. Ilifundishwa itafute kitu cha mviringo chenye rangi ya kung'aa kinachotembea uwanjani, na ikakitafuta kwa bidii zote. Haikujua kwamba binadamu naye ana kitu kama hicho juu ya mabega. Mashine hujibu swali ililofundishwa. Kama swali lilikuwa na tundu, jibu linatoka na tundu vilevile, tena bila aibu.

Miezi michache kabla, Juni 17, 2020, Ligi Kuu ya England ilipata la kwake. Kipa wa Aston Villa alidaka mpira wa adhabu wa Sheffield United akarudi nao hadi ndani ya goli, kila mtu akaona. Teknolojia ya mstari wa goli haikutoa ishara kwa mwamuzi. Mechi ikaisha 0-0. Kampuni yenye mitambo ile ilijitokeza na kuomba radhi: kamera zote saba za upande ule zilikuwa zimezibwa na kipa, beki na mlingoti. Zilikuwepo kamera saba, na zote saba zilizibwa. Mvuvi yeyote aliyewahi kutafuta taa ya mwenzake usiku nyuma ya mikoko anaielewa kesi hiyo bila mkalimani.

PWEZA NI SUPU

Halafu kuna yule pweza. Mwaka 2010, kwenye tangi la samaki mjini Oberhausen, Ujerumani, pweza aitwaye Paul alikuwa anawekewa masanduku mawili yenye bendera na chakula. Sanduku analofungua, timu hiyo inashinda. Alipatia mechi zote saba za Ujerumani kwenye Kombe la Dunia la Afrika Kusini, akapatia na fainali ya Hispania na Uholanzi. Nane kwa nane. Magazeti ya dunia nzima yaliandika kuhusu akili za pweza.

Ukanda huu wa Mafia na Kilwa pweza anajulikana kwa sifa nyingine. “Huku akishatabiri tunamtia nazi.” Na mbishi mwenye hesabu atakwambia zaidi: kama unabahatisha tu kati ya mbili, nafasi ya kupatia mara nane mfululizo ni moja kati ya 256. Ni ndogo, lakini fikiria wanyama wangapi duniani walikuwa wanatabirishwa mwaka ule: mbuzi, kasuku, tembo, ng'ombe. Ukiwa na wanyama mia kadhaa, mmoja kupatia nane kwa nane si muujiza, ni jambo la kutarajiwa. Gazeti linamwandika huyo mmoja. Waliochemsha mechi ya pili hawana picha. Na Paul mwenyewe, ukimtafuta kwenye Euro 2008, alikosea mara mbili, ikiwamo fainali.

Ni jambo lilelile la mikeka. Kila wikendi kuna picha ya aliyepiga mamilioni kwa buku. Picha za ambao mkeka umechanika hazipostiwi.

BRAZIL YA KWENYE KOMPYUTA

Kichwa kingine cha habari kinachorudi kila baada ya miaka minne: “Kompyuta yamtaja bingwa wa dunia.” Benki kubwa ya Marekani, Goldman Sachs, ilitoa hesabu zake kabla ya Kombe la Dunia la 2014: Brazil bingwa, nafasi asilimia 48.5. Tarehe 8 Julai 2014, pale Belo Horizonte, Ujerumani 7, Brazil 1. Mwaka 2018 benki hiyohiyo ikatumia mashine za kisasa zaidi, ikatoa tena jina: Brazil. Wakatolewa robo fainali na Ubelgiji, 2-1.

Hapa mabenchi yanacheka mpaka jenereta inasikika kama imezimika. “Kompyuta imevaa jezi ya njano.” Lakini hapa pia ndipo wabishi wenyewe wanapojifunga.

Isome tena ile asilimia. Nafasi 48.5 maana yake, kwa maneno ya kompyuta yenyewe, kuna nafasi zaidi ya nusu kwamba Brazil HATACHUKUA. Mwaka 2018 asilimia ya Brazil haikufika hata 20, yaani mara nne kati ya tano asingekuwa bingwa. Kompyuta haikusema “Brazil bingwa”. Ilisema “Brazil ana nafasi kubwa kuliko mwingine yeyote mmoja”. Aliyesema “bingwa” ni mwandishi wa kichwa cha habari, kwa sababu “Brazil huenda asichukue” haiuzi gazeti.

Kucheka utabiri wa asilimia 18 kwa sababu haukutokea ni sawa na kumcheka kipa kwa kufungwa penalti. Penalti nyingi zinaingia. Kipa anahukumiwa kwa penalti mia, hahukumiwi kwa moja. Usahihi huu mdogo wa kusoma unaonekana kama mambo ya darasani, lakini kwa mtu wa delta una uzito kuliko Kombe la Dunia. Itaonekana huko mbele.

KIDONDA CHA PRETORIA

Kuna mada moja ambayo haitaniwi sana, angalau upande mmoja wa kibanda. Aprili 5, 2024, uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria. Robo fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Mamelodi Sundowns na Yanga. Mechi ya kwanza kwa Mkapa ilikuwa 0-0. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti kutoka mbali. Likagonga mwamba wa juu, likadunda chini, likarudi uwanjani. Kwenye picha za runinga mpira ulionekana umedunda ndani ya goli. Wachezaji wa Yanga wakainua mikono. Chumba cha VAR kikaangalia. Mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania hakwenda kwenye skrini, mchezo ukaendelea. Ikaisha 0-0, Sundowns wakapita kwa matuta 3-2.

Siku hiyohiyo Simba alitolewa na Al Ahly kule Cairo, kwa hiyo usiku ule hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumcheka mwenzake. Labda kidogo.

Yale maswali matatu yakaulizwa kwa uchungu. Nani kaona? VAR. Kaonea wapi? Hapa ndipo penye jibu ambalo vichwa vya habari vingi viliruka. VAR na teknolojia ya mstari wa goli ni vitu viwili tofauti. VAR ni watu wanaotazama picha za kamera za matangazo. Teknolojia ya mstari ni kamera maalumu, saba kwa kila goli kwenye Kombe la Dunia la 2014, zinazokokotoa mpira uko wapi na kutuma ishara kwenye saa ya mwamuzi ndani ya sekunde moja. Loftus kulikuwa na VAR, ila ile ya mstari haikuwepo. Kwa hiyo waliokuwa chumbani walikuwa wanatazama picha za pembeni kama alizoona mtu wa kibanda umiza, labda skrini yao tu ndiyo ilikuwa safi zaidi.

Na picha ya pembeni ina ujanja wake. Mpira una upana wa sentimita kama 22, na sheria inataka wote uvuke mstari wote. Ukiutazama ukiwa hewani kutoka upande, unaweza kuuona umevuka kumbe bado, au bado kumbe umevuka. Ni kama kutazama mti wa alama mkondoni ukiwa mtumbwini: sogea hatua chache tu, na mti unahama mbele ya kisiwa kingine. Desemba 1, 2022, Japan walifunga goli la kuwamaliza Hispania baada ya Mitoma kuupiga mpira ambao kwenye picha za pembeni ulionekana umetoka kabisa. Picha ya juu ikaonyesha ukingo wa mpira bado unaning'inia juu ya mstari kwa milimita chache. Dunia nzima iliona mpira umetoka. Dunia nzima ilikosea.

Hii haimaanishi shuti la Aziz Ki halikuvuka. Maana yake ni kwamba uwanja ulikosa kifaa cha kujibu swali hilo, na aliyelipa ni Yanga. England walilipa bei hiyohiyo Juni 27, 2010, Bloemfontein, shuti la Frank Lampard dhidi ya Ujerumani lilipovuka mstari wazi na kukataliwa. Tofauti ni kilichofuata: baada ya lile la Lampard, Julai 2012 watunga sheria wa soka waliidhinisha teknolojia ya mstari wa goli.

Wapo waliokwenda mbele zaidi. Wakakumbushana kwamba rais wa CAF, Patrice Motsepe, ndiye aliyekuwa mmiliki wa Sundowns kabla ya kuchaguliwa mwaka 2021, na klabu ikabaki kwa familia. Ni kweli, na ni halali kuuliza. Lakini kuuliza siyo ushahidi. Shabiki anayedai picha safi kwa goli la Aziz Ki, halafu akakubali njama bila picha hata moja, amevuka mstari yeye mwenyewe, tena wote.

SALALE WALIKUWA NA VAR MWAKA 1914

Mtu akikwambia watu wa delta hawajui mambo ya kutazama kutoka juu, mrudishe nyuma zaidi ya miaka mia moja. Jina la Salale liliwahi kuisumbua himaya nzima.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, ilikuwa bahari hii. Septemba 20, 1914 iliivamia bandari ya Zanzibar na kuizamisha meli ya Waingereza, Pegasus. Kisha ikapotea. Waingereza walitafuta pwani nzima. Mwezi uliofuata, ndani ya meli ya Kijerumani iliyokuwa Lindi, wakapata karatasi zinazoonyesha makaa ya mawe yamepelekwa mahali paitwapo Salale. Swali likawa moja: Salale ni wapi? Walipopajua, tarehe 30 Oktoba 1914 meli ya Chatham ikaiona Königsberg, milingoti imechungulia juu ya mikoko.

Königsberg ikajivuta ndani zaidi ya mto, ikafunikwa matawi. Waingereza wakaleta ndege, kitu ambacho wakati ule kilikuwa na umri wa miaka kumi na moja tu tangu kuvumbuliwa. Rubani mmoja wa kiraia, Dennis Cutler, akaruka juu ya delta na kurudi na habari: nimeiona. Na wakuu wake walifanya nini? Hawakuamini moja kwa moja. Meli kubwa vile kufika mbali vile mtoni? Ikabidi ofisa wa cheo cha kapteni apande naye akaone kwa macho yake. Akaiona. Uamuzi umethibitishwa.

Julai 1915 meli mbili za Kiingereza zenye tumbo la kupita maji mafupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kuanza kupiga bila kuiona Königsberg kabisa. Juu yao ndege iliangalia mizinga inaangukia wapi na kutuma alama kwa redio: mbele, nyuma, kushoto, imepata. Tarehe 6 walipiga mamia ya mizinga wakaondoka bila kuimaliza. Tarehe 11 wakarudi. Safari hii ndege ikapigwa, injini ikafa, na wakati inateremka kuelekea majini mtazamaji wake aliendelea kutuma masahihisho kwa redio hadi mwisho. Walitua mtoni wakaokolewa. Königsberg ikamalizwa siku hiyo.

Kwa lugha ya kibanda: mtu wa juu anaona, mtu wa chini anapiga, na kati yao kuna waya wa redio na imani. Imani ile haikutolewa bure. Iliulizwa, ikahakikiwa, kisha ikafuatwa.

MECHI ISIYO NA MARUDIANO

Hatua hiyo ya tatu, kufuata, ndiyo ngumu kwa wabishi.

Aprili ileile ya 2024 ambayo Yanga walilia Pretoria, Rufiji na Kibiti walikuwa wanalia kwa jambo kubwa zaidi. Mafuriko yaliingia mashambani na majumbani, watu wakahama. Mjadala wa vijiweni ukawa: ni mvua, au ni maji ya Bwawa la Nyerere? Mwanzoni mwa Mei, Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ikatangaza jambo ambalo pwani hii haijalizoea: kimbunga, jina lake Hidaya, kinakuja. Mei 4 kikatua Mafia, ng'ambo tu ya delta, kisha kikaisha nguvu. Mvua yake ikaikata barabara ya Dar es Salaam-Lindi kule Somanga, barabara hiyohiyo inayopita Kibiti.

Utani wa siku kama hizo unajulikana: kimbunga kimetolewa kwa kadi nyekundu, Hidaya kaotea, TMA nao wana pweza wao. Ni utani mzuri. Lakini hapa ndipo somo la Brazil linaporudi. Tahadhari za TMA huja na vitu viwili: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Ikisomwa “upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili, uwezekano wa kutokea: wastani”, haijasema upepo utakuja. Imesema nafasi ipo ya kutosha, na mwenye mtumbwi ajue anaweka nini kwenye mkeka. Siku upepo usipokuja, TMA haijakosea, kama kompyuta haikukosea kwa asilimia 18. Ya kuhesabu ni siku mia.

Na wabishi wana haki ya kuuliza. Nani kaona? Kuna setilaiti, na kuna vituo vya kupima. Kaonea wapi? Mbali, ndiyo maana anasema “baadhi ya maeneo” na hakutaji mkondo wako kwa jina. Hapo mzee anayeijua bahari ya Nyamisati kwa harufu bado ana namba kikosini. Ni swali la tatu tu ndilo linalogeuka. Pretoria alikosea mwenye skrini, akalipa mchezaji. Huku akikosea mtabiri kwa kusema upepo unakuja, mvuvi anapoteza samaki wa siku moja, na kwa nyumba isiyo na akiba hiyo siyo hasara ndogo. Lakini akikosea mbishi kwa kusema haji, anayelipa yumo mtumbwini.

Kwa hiyo pweza acheni aende kwenye nazi. Kompyuta ivueni jezi ya Brazil muisome asilimia zake. VAR iulizwe kila mara iko wapi na inaona nini, hadi siku mstari wa goli wa Afrika utakapopata kamera zake. Ila tangazo la bahari likisomwa mapumziko, bishaneni upesi mmalize kabla ya filimbi ya kipindi cha pili. Mtumbwi uliobaki umefungwa kwenye mikoko siku ambayo upepo haukuja utatoka kesho yake. Uliotoka siku upepo ulipokuja hauna mechi ya marudiano.